Wenzake wa Mwaka Sabini na Moja

Bi Mwanaasha alikwenda kliniki ya macho kutaka miwani, akarudi na ugonjwa wa mshipa. Wala miwani yenyewe hakuitaka kwa kuwa haoni. Aliitaka kwa ajili ya sindano. Yeye ni mshona kofia, zile za vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, alikuwa akimwita Khairat, binti wa mumewe, amtilie uzi sindanoni. Mshona kofia anayetiliwa uzi ni kichekesho, na Bi Mwanaasha hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza. Basi Jumatatu moja akavaa buibui lake, akaaga kwamba anakwenda mjini Chake.

Peke yake hakwenda. Mumewe, Mwalimu Ahmada, alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na tangu astaafu haikupita karatasi mbele yake asiisome, iwe ya dawa, ya umeme au ya kufungia vitumbua. Aliposikia kliniki imeletewa mashine mpya inayopiga picha nyuma ya jicho na kutoa karatasi ya rangi, alitangulia yeye mlangoni kabla ya mgonjwa.

Daktari alikuwa msichana mpole aitwaye Safaa, mzungumzaji taratibu, mwenye tabia ya kumtazama mtu usoni mpaka amalize kusema. Alimpima Bi Mwanaasha presha ya macho, akamtia matone ya kupanua mboni, akamkalisha mbele ya mashine na kumwambia aweke kidevu, atazame nyota ya kijani, asipepese. Bi Mwanaasha alijitahidi, lakini macho yalikuwa makavu yakimwasha, na nyota ile alikuwa akiiona inacheza. Karatasi ikatoka. Juu palikuwa na jina lake na mwaka wake wa kuzaliwa, katikati picha mbili za jicho, na chini maduara mawili yaliyogawanywa robo robo mfano wa mkate wa kumimina. Robo nyingi za jicho la kulia zilikuwa za njano. Moja ilikuwa nyekundu.

Dk. Safaa akawaeleza. Nyuma ya jicho, alisema, kuna nyuzi nyingi mno za kuonea, nyembamba kuliko za kofia, na zote hukusanyika mahali pamoja zikawa mshipa unaokwenda kwenye ubongo. Mwanzo wa mshipa huo, ukiutazama, una umbo la kisahani, na katikati ya kisahani kuna kikombe. Nyuzi zikifa, ukingo wa kisahani hupungua na kikombe hupanuka, na huo ndio ugonjwa ambao watu huuita presha ya macho, ingawa wengine huupata na presha yao iko sawa. Mashine imepima unene wa nyuzi. Kijani ni nzuri, njano ni mpakani, nyekundu ni pungufu.

"Pungufu kuliko nani?" akauliza Mwalimu Ahmada. Swali la mwalimu wa hesabu.

"Kuliko wenzake," akasema daktari. "Nyuzi za kila mtu hupungua kidogo kidogo kwa umri, hata za mzima. Kwa hiyo mashine hutazama umri wake kwanza, kisha ikamlinganisha na watu wazima wa macho walio rika lake. Mama kaandikwa hapa mwaka sabini na moja. Kalinganishwa na watu wa miaka hamsini na nne."

Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuridhika na hesabu. Bi Mwanaasha, aliyekuwa ameketi baina yao, alijikunyata ndani ya buibui lake, kwa sababu yeye hakuzaliwa mwaka sabini na moja. Alizaliwa Shumba mwaka hamsini na nane, na Mapinduzi yalimkuta meno ya mbele yanamtoka.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Miaka kumi na moja nyuma, yeye akiwa mjane, Ahmada alipeleka posa, na dada yake Ahmada, Bi Time wa Madungu, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akisema kaka yake anaoa ajuza. Siku ya kuandikishana Bi Mwanaasha aliulizwa mwaka, akajibu wa kwanza uliomjia ulimini, akapunguza miaka kumi na mitatu kwa pumzi moja. Uso wake ulimkubalia, maana una ngozi ile isiyokunjamana, na sheha wa mtaa akaandika. Kitambulisho kikafuata, na cheti, na kadi ya kliniki. Mumewe, aliyezaliwa sitini na mbili, tangu siku hiyo akawa anamwita mdogo wangu mbele za watu, naye akawa anaona raha kuitwa.

Daktari akasema hajasema upofu, amesema waangalie. Atawaandikia barua ya kwenda Unguja kuonana na bingwa, huenda ikawa dawa ya matone ya maisha, huenda ikawa kupasuliwa, huenda isiwe kitu. Mwalimu katika hayo yote alisikia neno upofu tu.

Pale pale Bi Mwanaasha angeweza kusema. Alifunua mdomo, akamtazama mumewe alivyoikunja ile karatasi kwa adabu na kuitia mfuko wa kanzu upande wa moyo, akaufunga.

Kufikia adhuhuri ya siku ya pili Tibirinzi nzima, mtaani kwao, ilikuwa imeiona karatasi. Mwalimu alikuwa akiifungua kila anayekuja, akieleza kisahani na kikombe kana kwamba amevisomea, akamalizia kwa kuweka kidole kwenye ile robo nyekundu. Watu walileta papai, wakaleta ndizi, wakaleta na hadithi za jamaa zao waliopofuka. Kila mtu alikuwa na wake. Aliyekuwa hana, aliazima wa jirani.

Bi Time alikuja na mfuko wa nguo, maana yake anakaa. Jambo la kwanza alilofanya ni kuichukua kofia mkononi mwa Bi Mwanaasha na kuifungia kabatini pamoja na sindano zote, akisema macho yaliyobaki yatumiwe kwa haja. La pili ni kumshika mkono kumpeleka chooni. Bi Mwanaasha alipita ua wake mwenyewe akiongozwa kama bibi harusi, huku anaona sisimizi wakipanda ukutani na anaweza kuwahesabu. Chai aliwekewa kikombe mikononi na kufungwa vidole vyake juu yake, na akaambiwa ya moto. Kwenye chakula alitolewa miba ya samaki. Alitamani kucheka na alitamani kulia, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba Bi Time, yule yule wa ajuza, sasa alikuwa akimpangusa mdomo kwa upendo wa kweli.

"Pole, mdogo wangu," Bi Time alikuwa akisema. Naye Bi Time kazaliwa sitini na sita.

Yote hayo angeyavumilia. Lililomshinda ni ng'ombe. Mwalimu Ahmada alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe la paji, aliyemnunua kwa kiinua mgongo chake na kumpenda kupita kiasi cha mwanamume mzima kupenda ng'ombe. Jumatano asubuhi, wakati wa kukama, Bi Mwanaasha alimkuta bandani akimsuguasugua shingo na kumwambia maneno ya chini chini. Akamuuliza kuna nini. Mwalimu akasema ameshakubaliana na Ngwali wa Madungu, mfanyabiashara wa ng'ombe; kesho baada ya laasiri anakuja kumchukua. Nauli ya wawili, malazi ya Unguja, bingwa, dawa, pengine na kupasuliwa, havitoki kwenye pensheni.

"Hwendi kumuuza huyu," akasema Bi Mwanaasha.

"Nauza. Sikiliza, Mwanaasha. Mie mkubwa wako, ndo n'takayetangulia, na hilo nshalikubali. Lakini sikuachi kipofu. Nkikuacha, nikuache waona."

Akaendelea kukama. Bi Mwanaasha alisimama pale na chombo cha maziwa mkononi, na akaona haya, haya ya kweli, si ile ya kutiliwa uzi. Mtu huyu alikuwa anataka kuuza kipenzi chake kumponyesha mwanamke wa miaka hamsini na nne ambaye hayuko duniani.

Alhamisi asubuhi alisema anataka kurudi kliniki kwa ajili ya barua. Bi Time hakukubali aende bila ya kushikwa, basi akashikwa na Khairat. Njiani, walipoiacha nyumba mbali, Bi Mwanaasha aliutoa mkono wake kwenye mkono wa binti yule, akasimama chini ya ukuta wa skuli, akamwambia yote. Khairat alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alishika ukuta akacheka mpaka mtandio ukamvuka, akajaribu kuomba radhi, akacheka tena.

"Na baba ajisifu kaoa kijana," akasema alipopata pumzi.

"Usinicheke, Khairat. Ng'ombe ataondoka leo."

Hapo Khairat akajifunga mtandio vizuri, na akatembea mbele kwa mwendo wa mtu mwenye kesi.

Dirishani alikuwapo karani aitwaye Hafidh, kijana safi wa shati lililopigwa pasi, mwenye sauti ya kuadhinia. Bi Mwanaasha aliinama karibu na kioo akasema chini chini kwamba mwaka wake kwenye kompyuta umeandikwa vingine. Hafidh akatazama kitambulisho, akatazama kompyuta, akasema vyote viwili vinasema sabini na moja. Bi Mwanaasha akasema ndiyo, vyote viwili. Hafidh akauliza sasa sahihi ni ngapi. Akamwambia.

"Hamsini na nane?" Hafidh akasema, na benchi zima la wagonjwa likageuka, hata wale waliofungwa bandeji. "Mama, hapa watu huja kutaka kupunguza. Weye wataka kuongeza? Mie siwezi kukuzeesha bila ya barua ya sheha."

Benchi lilicheka. Si kwa ubaya, lakini lilicheka, na mzee mmoja wa mwisho aliuliza kwa sauti ya juu kumesemwa nini, akaelezwa, akacheka peke yake baada ya wenzake kumaliza. Bi Mwanaasha alisimama wima. Kwenda kwa sheha ni sawa na kutangaza msikitini, na barua yenyewe ingetoka wiki ijayo, ng'ombe akiwa keshaliwa. Alikuwa anafikiri kurudi nyumbani pale mlango wa ndani ulipofunguka na Dk. Safaa akamwita kwa mkono.

Ndani, mlango umefungwa, alisema mara ya tatu siku ile, na mara ya tatu ilikuwa nyepesi. Daktari hakucheka. Alisema kitambulisho ni kazi ya sheha na Hafidh, lakini mashine ni kazi yake yeye, na mashine inataka ukweli wa mwili tu. Kisha akasema jambo lililomfanya Bi Mwanaasha akae vizuri kitini: asitarajie miujiza. Miaka kumi na mitatu haibadilishi mengi. Mwenye ugonjwa ataonekana mgonjwa hata akilinganishwa na bibi yake.

"Lakini weye ulikuwa mpakani," akasema. "Na mtu wa mpakani, hicho kidogo ndicho kinachomweka huku au kule. Halafu ile picha ya Jumatatu haikunipendeza. Ilikuwa na ukungu, na picha ya ukungu hupunguza nyuzi ambazo zipo."

Akaubadilisha mwaka kwenye mashine, akamtia matone ya kulainisha jicho, wakangoja kidogo, akampiga picha upya. Nyota ya kijani safari hii ilitulia. Kabla ya kutazama karatasi akamkalisha kwenye mashine nyingine, kibakuli cheupe ambamo vitaa vidogo huwaka na kuzimika huku na kule, na kila ukiona kimoja unabonyeza kitufe. Kipimo hicho Jumatatu hakikufanyika kwa sababu mboni zilikuwa zimepanuliwa. Bi Mwanaasha alikamata vitaa kama anayekamata vitobo vya kofia, hakikumponyoka hata cha pembeni kabisa. Macho yake, maskini, yalikuwa yamekaa siku tatu bila kazi, yakaona njaa yao inashibishwa.

Daktari alizitandaza karatasi mbili mezani, ya zamani na mpya, akakaa nazo muda mrefu. Khairat alikuwa akitikisa mguu. Bi Mwanaasha alikuwa akisoma dua ya safari, ndiyo iliyomjia, na hakujua kwa nini.

Zile robo za njano zilikuwa za kijani. Ile nyekundu ilikuwa njano.

Dk. Safaa akafafanua bila ya kupamba. Kisahani cha Bi Mwanaasha ni kipana kwa maumbile, na kisahani kipana hukaa kikombe kipana. Si kila kikombe kikubwa ni ugonjwa. Ukingo wake wote ni mzima. Presha iko sawa, vitaa amevipata vyote. Robo ile ya njano haipuuzi, kwa hiyo atamtaka arudi baada ya miezi sita, na kila miezi sita, picha zilinganishwe na picha zake mwenyewe, ambazo hazina haja ya kuuliza umri wa mtu. Unguja kwa sasa hakuna haja. Akamwandikia miwani ya kusomea na kutia uzi, jambo ambalo ndilo alilolijia tangu mwanzo.

"Mlinitia darasa la watoto," akasema Bi Mwanaasha, anafuta macho.

"Uliingia mwenyewe," akasema daktari.

Walikuwa nje ndipo Khairat alipoiona hatari. Karatasi mpya ilikuwa na mwaka juu, umepigwa chapa nyeusi, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nane, umri sitini na saba. Mwalimu husoma karatasi kuanzia juu. Khairat alishauri wakate ule ukanda wa juu kwa mkasi, waseme mashine imekata, baba ataona kijani atafurahi yaishe. Lilikuwa shauri zuri. Bi Mwanaasha alilifikiria njia nzima, na walipofika dukani kwenye pembe aliingia akaomba mkasi, akapewa, akaushika. Alikaa nao pale baina ya magunia ya mchele na madebe ya mafuta. Halafu akamrudishia mwenye duka, akashukuru, akatoka.

Ngwali alikuwa ameshafika. Alikuwa na kamba yake mpya begani, na ng'ombe ametolewa bandani, na Mwalimu Ahmada amesimama kando amevaa kofia yake ya Ijumaa kwa siku ya Alhamisi, kama mtu anayesindikiza mahujaji. Bi Time alikuwa mlangoni. Majirani wawili watatu walikuwa wamekuja kutazama tu, maana ng'ombe kuuzwa ni jambo.

Bi Mwanaasha alikwenda moja kwa moja akamkabidhi mumewe karatasi. Akamwambia daktari kapima upya, macho mazima, Unguja haiendwi.

Mwalimu alitoa miwani yake, akaivaa, akaanza juu. Jina. Namba. Kidole kikafika kwenye mwaka kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaja tena. Bi Mwanaasha alimuona akihesabu, midomo yake ikicheza. Kisha Mwalimu akainua uso, na uso wenyewe ulikuwa wa huruma, na hilo ndilo lililomchoma.

"Hawa wamekosea," akasema. "Wamekuandika hamsini na nane. Basi na hizi rangi si zako, wamekulinganisha na wazee." Akaikunja karatasi. "Ngwali, mchukue tu. Twende Unguja kwa watu wanaojua kuandika."

Njia ilikuwa hiyo, imefunguliwa na yeye mwenyewe. Angenyamaza tu, angebaki na mwaka wake, na ng'ombe angekwenda. Ngwali akapitisha kamba.

"Hawajakosea," akasema Bi Mwanaasha. "N'liyekosa mie."

Ngwali akaiacha kamba. Bi Time akaweka kiganja mdomoni.

"Nimezaliwa hamsini na nane, Shumba, na Khairat ashajua, na daktari ajua, na kliniki nzima ijua. Siku ya kuandikishana nliogopa utaniacha. Nkatia uongo, na uongo umekaa. Rangi hizo zangu. Macho mazima. Ng'ombe mrudishe bandani."

Mwalimu Ahmada aliifungua tena karatasi akatazama kijani, robo baada ya robo.

"Kila siku nakwambia mie n'takutangulia," akasema hatimaye, "nawe wanyamaza."

"Ningesemaje?"

"Miaka kumi na moja nakukataza kubeba ndoo. Nasema huyu mdogo, asichoke mapema." Alianza kucheka, akajizuia, macho yakamjaa machozi, akashindwa kujua ashike lipi. "Sitini na saba. Na mie sitini na tatu. Kwa hiyo mwenye kubeba ndoo n'likuwa mie kwa haki."

"Ulikuwa weye."

Mwalimu Ahmada akampa Ngwali kamba yake mkononi, taratibu, akamwomba radhi kwa usumbufu. Akavua miwani, akaitia mfukoni. Kisha akamgeukia mkewe mbele ya dada yake, na ya mfanyabiashara, na ya majirani ambao sasa hawakuwa wawili watatu, akavua na kofia, akainamisha kichwa chake chenye mvi.

"Shikamoo, Bi Mwanaasha."

Watu wakamgeukia mkewe. Bi Mwanaasha alijitengeneza buibui, akamtazama kila mmoja aliyekuwapo, na akawaona wote vizuri.

"Marahaba," akasema, kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu.